Chagua mvinyo kwa kuangalia sufuria, si lebo

Novemba 2010, kamati ya UNESCO inayosimamia urithi wa utamaduni usioshikika ilikutana Nairobi. Miongoni mwa mambo yaliyopitishwa kikaoni humo, pamoja na flamenko ya Hispania na opera ya Peking, ulikuwamo mlo wa sherehe wa Wafaransa. Waliosikia habari hiyo juujuu walidhani Ufaransa imepewa tuzo ya upishi. Haikuwa hivyo. Kilichoandikishwa ni desturi ya kukaa pamoja mezani: ndugu na marafiki wanapokusanyika kwa harusi au siku ya kuzaliwa, wanavyopanga meza, wanavyofuatanisha vyakula hadi kufikia jibini na kitamutamu, wanavyonusa na kuonja, na wanavyooanisha chakula na mvinyo. Hilo la mvinyo limetajwa waziwazi katika maelezo ya urithi huo.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wetu tumekutana na mvinyo wa Ulaya kwa mlango wa nyuma: hotelini, kwenye sherehe, au dukani mbele ya rafu ndefu, ambako mtu hutazama bei na lebo kwanza, na chakula hukikumbuka akishafika nyumbani. Mpishi wa kijijini Ufaransa au Italia huanza na sufuria. Anajua usiku huu kuna nini jikoni, ndipo anakwenda kuchukua chupa.

Nyumba nyingi za kwetu, hasa za pwani, hazina mvinyo mezani wala hazina haja nao, na makala haya hayamshawishi mtu aanze. Ni kwa wale ambao chupa wanayo tayari na wanajiuliza waifungulie chakula gani.

Tazama Nantes, magharibi mwa Ufaransa, si mbali na pale mto Loire unapoingia Atlantiki. Huko hutengenezwa Muscadet, mvinyo mweupe mkavu, mwepesi, wenye uchachu na hata dalili ya chumvi. Zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne, nayo ilienea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi iliyokuwapo. Hiyo ilionekana kustahimili. Watengenezaji wengi huuacha mvinyo ukae juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, kisha kwenye lebo huandika maneno sur lie. Watu wa pwani hiyo huunywa na chaza na kome. Hakuna mtaalamu aliyekaa akawatungia kanuni hiyo. Mvuvi na mkulima walikuwa majirani, basi.

Kusini mwa Hispania, katika mji wa bahari wa Sanlúcar de Barrameda, kuna manzanilla, mvinyo wa jamii ya sherry, ndugu wa fino ya Jerez. Mvinyo huu huongezwa pombe hadi kufikia kiasi cha asilimia 15, kisha hukaa mapipani chini ya utando mweupe wa hamira uitwao flor. Utando huo huukinga na hewa na kuupa harufu ya unga wa mkate uliokandwa na ya lozi. Ni mkavu kabisa. Wenyeji huunywa ukiwa baridi sana, kwa glasi ndogo, pamoja na samaki wadogo waliogaragazwa kwenye unga na kukaangwa. Mtu aliyekulia karibu na dagaa wa kukaanga hahitaji maelezo zaidi. Kwa maoni yangu hakuna mvinyo wa Ulaya unaostahili nafasi kwenye meza ya samaki wa kukaanga kuliko huu, na hakuna unaopuuzwa zaidi, kwa kuwa watu wakisikia jina la sherry hufikiria kitu kitamu cha bibi vizee.

Toscana, Italia, nako kuna Chianti. Mtawala wa huko, Cosimo wa Tatu, alitangaza mipaka ya eneo hilo mwaka 1716, mapema mno kwa mambo ya namna hiyo. Zabibu yake kuu, Sangiovese, ina uchachu mwingi kuliko zabibu nyingi nyekundu, na ndiyo maana mvinyo wake huenda vizuri na mchuzi wa nyanya na pia na lile pande nene la nyama ya ng'ombe ambalo watu wa Florence huchoma likiwa na mfupa wake. Hapa pana la kuchekesha kidogo. Nyanya ilitoka Amerika, ikachukua muda mrefu kuzoeleka majikoni Ulaya, kwa hiyo ile ndoa ya Chianti na nyanya inayouzwa kama desturi ya enzi na enzi ni changa kuliko mvinyo wenyewe.

Ukiuacha ujirani, linalotokea mdomoni linaelezeka.

Kwanza ni uchachu. Hutoka kwenye zabibu yenyewe, na joto huupunguza kadiri tunda linavyoiva na sukari inavyopanda. Bonde la Mosel, Ujerumani, liko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa Ikweta; zabibu yake ya Riesling huiva polepole na kubaki na uchachu mkali. Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na hali ni tofauti kabisa. Uchachu hukata mafuta, huleta mate, na humfanya mtu atake tonge jingine. Jambo la kuangalia ni moja: mvinyo usizidiwe uchachu na chakula. Ukikamua ndimu juu ya samaki kisha ukanywa mvinyo mpole, utadhani umemiminiwa maji.

Pili ni ukakasi. Hutokana na tanini zilizomo kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na pengine kwenye mbao za mwaloni za pipa. Mvinyo mweupe hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo. Tanini hushikana na protini za mate, ulimi ukakauka kama wa mtu aliyetoka kula bibo. Nyama yenye mafuta na chumvi huupunguza ukakasi huo, na ndiyo siri nzima ya mvinyo mwekundu na nyama ya kuchoma. Samaki hasaidii hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni moja ya mvinyo ya Japani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye baadhi ya mvinyo mwekundu ndiyo huamsha ile shombo inayobaki kooni. Mvinyo wenye chuma kidogo haukufanya hivyo, hata ukiwa mwekundu. Kwa hiyo wanaosema samaki na mvinyo mwekundu ni mwiko wamekosea kidogo, ila wasiojali kabisa wamekosea zaidi.

Yaliyobaki ni sukari na kileo, nayo kwetu ndiyo yenye uzito kwa sababu ya pilipili. Kileo kikali huuchochea moto wa pilipili. Tanini nazo huongeza kuni. Sukari kidogo ndani ya mvinyo huutuliza. Na chakula kikiwa na utamu, mvinyo mkavu hugeuka mkali na mchungu ghafla, hata kama dakika moja kabla ulikuwa wa kupendeza.

Sasa chukua ile chupa ambayo mgeni mwenye heshima zake huja nayo: nyekundu, nzito, asilimia 14 ya kileo, tanini tele, lebo yenye picha ya jumba la kifahari. Iweke mbele ya samaki wa kupaka, tui zito, tangawizi, ukwaju na pilipili mbuzi. Kila kitu kinagombana. Pilipili inawaka, samaki anatoa shombo, mvinyo unakauka kama gome la mti. Mwenyeji anasifu kwa adabu, na chupa inabaki nusu. Tatizo halikuwa ubora wa mvinyo. Tatizo ni kwamba chupa ilichaguliwa kwa ajili ya macho ya watu.

Heshima hiyo ya lebo ina historia. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris yaliyoandaliwa chini ya Napoleon wa Tatu, madalali wa Bordeaux walipanga mashamba bora ya mvinyo mwekundu katika madaraja 5. Kipimo chao kikuu kilikuwa bei ambayo mvinyo ulikuwa ukiuzwa sokoni miaka hiyo. Madaraja hayo yapo hadi leo, na badiliko kubwa lililowahi kufanywa ni kupandishwa kwa Mouton Rothschild kutoka daraja la pili hadi la kwanza mwaka 1973. Orodha ya madalali wa karne ya 19, iliyopangwa kwa bei, bado inaamua mtu wa Masaki, Dar es Salaam, au wa Karen, Nairobi, anunue nini kwa ajili ya chakula ambacho madalali wale hawakuwahi kukisikia. Wenyeji wa Bordeaux wenyewe hawajifungi hivyo: wakila chaza wa Arcachon, huwala na soseji ndogo za moto na mvinyo mweupe wa Entre-Deux-Mers, wa bei ya kawaida.

Na macho yanadanganya kuliko tunavyokubali. Mwaka 2001, Frédéric Brochet na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux na wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe, na baadaye mvinyo uleule uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliueleza ule wa pili kwa maneno ya mvinyo mwekundu, matunda meusi na mengineyo. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo, Bordeaux kwenyewe. Jirani yako anayezungusha glasi na kutaja harufu ya ngozi na tumbaku anastahili kusikilizwa kwa tabasamu.

Kwa samaki wa kupaka, basi, mimi ningefungua Riesling ya Mosel, daraja la Kabinett. Mashamba ya bonde hilo yako kwenye miteremko ya mawe ya sleti. Mmoja wake, Calmont wa kijiji cha Bremm, una mwinamo wa nyuzi zaidi ya 60, na kazi karibu yote hufanywa kwa mikono. Kabinett ya kawaida ina kileo cha asilimia 8 au 9 tu, sukari kidogo, na uchachu wa kuisawazisha. Sukari inashika pilipili, uchachu unakata tui, kileo hakichochei moto. Angalia lebo: ikiandikwa trocken, maana yake ni mkavu, na ule utamu mdogo unaoutaka haumo. Mvinyo huo huo unafaa kuku wa nazi na kamba wa mchuzi.

Nyama choma ni habari nyingine. Hapa mvinyo mwekundu uko nyumbani, hasa kwa mbuzi mwenye mafuta na chumvi ya kutosha. Lakini pembeni pana kachumbari, yaani nyanya, kitunguu na ndimu, na mvinyo mwingi mwekundu mzito unaangukia hapo. Ndipo Chianti Classico, ile yenye alama ya jogoo mweusi kwenye chupa, inapojibu pande zote mbili: tanini kwa ajili ya nyama, uchachu kwa ajili ya kachumbari. Pilipili ya kachumbari ipunguzwe kidogo usiku huo, au iwekwe kando kila mtu ajipakulie.

Pilau iliniwia vigumu zaidi. Karafuu, iliki, mdalasini na bizari nyembamba vina harufu kubwa kuliko mvinyo mwingi, na mvinyo wenye harufu ya mbao za pipa hukutana navyo ukachosha. Ninaupendelea wa Beaujolais, kusini mwa Burgundy, unaotokana na zabibu ya Gamay. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika ardhi yake, akiiona inaharibu jina la mvinyo wa huko. Ilipata makao kusini, kwenye vilima vya matale, na imebaki huko. Mara nyingi zabibu zake huchachushwa zikiwa nzima bila kupondwa, kwa hiyo mvinyo hutoka na matunda mengi na ukakasi mdogo. Ukipozwa kidogo, hauigombezi pilau wala kuku wake. Beaujolais-Villages yatosha, ile changa inayotolewa Novemba kila mwaka kwa vifijo muiachie shamrashamra zake.

Mchicha, kisamvu na mboga zote zenye uchungu zina tabia ya kujumlisha: uchungu wa jani na ukakasi wa mvinyo huwa kitu kimoja kikubwa. Mweupe mkavu, mfano Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno, unatosha. Ugali hauna upande, utafuata mboga.

Lipo kosa moja linaloharibu chupa nzuri kuliko uchaguzi mbaya wa chakula, nalo ni joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zisizo na mitambo ya kupasha joto, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili inaweza kupita 30. Kwa joto hilo kileo hupanda puani na matunda hupotea. Weka mvinyo mwekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kula, bila kumwonea aibu mtu yeyote. Mweupe ukae kati ya nyuzi 8 na 12. Dukani nako, usichukue chupa iliyosimama dirishani juani, wala ile ambayo kizibo kimeanza kusukumwa juu. Hiyo imeshapikwa safarini au ghalani, na hakuna chakula kitakachoiokoa.

Kuonja nyumbani si sherehe ya wataalamu. Pika chakula kimoja, nunua chupa mbili tofauti, zifunge kwa gazeti ili mtu asisome lebo, na mpe kila mmoja glasi mbili zilizojazwa theluthi. Nusa, onja mvinyo peke yake. Kula tonge. Onja tena. Unachokitafuta ni badiliko: mvinyo umekuwa mtamu zaidi, mkali zaidi, au umetoweka? Chakula je, kimeinuka au kimezimwa? Tim Hanni, Mmarekani mwenye cheo cha Master of Wine, amekuwa akiwaonyesha watu jambo rahisi ambalo kila mtu anaweza kulijaribu: lamba ndimu yenye chumvi kisha unywe ule mvinyo mwekundu uliokukausha ulimi. Utaukuta umelainika. Ladha ya chakula inaugeuza mvinyo zaidi kuliko mvinyo unavyoigeuza ladha ya chakula, kwa hiyo kijiko cha ndimu na chembe ya chumvi jikoni huweza kuokoa mlo ambao chupa yake imeshanunuliwa.

Wanaoonja kwa kazi hutema, na nyumbani si vibaya kuiga. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Glasi iwe ndogo, maji yawe mengi mezani, na mwenye gari asinywe.

Mwisho wa mlo ndipo Wafaransa wanapotuacha. Kanuni yao ni kwamba mvinyo uwe mtamu kuliko kitamutamu, na kwa hilo wana Sauternes, unaotokana na zabibu zilizokaushwa na ukungu zikiwa bado shambani hadi sukari ikakolea. Wao huunywa hata na Roquefort, jibini ya maziwa ya kondoo yenye chumvi kali, na kweli chumvi na utamu hapo hupatana ajabu. Lakini kaimati zilizotoka kwenye shira huushinda Sauternes, tena kwa mbali. Mvinyo pekee unaoweza kusimama karibu nazo ni Pedro Ximénez wa Hispania, mweusi na mzito, unaotokana na zabibu zilizoanikwa juani. Na ule nao, juu ya kaimati, ni sukari juu ya sukari. Pwani ilishalimaliza suala hili zamani kwa halua na kikombe kidogo cha kahawa tungu. Chupa zikishafika hapo ziondolewe mezani, mletewe kahawa.